Matokeo ya mechi za mtaani nayo yaandikwe

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa viatu hapa Jericho, Nairobi. Kibanda changu kiko karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, na nikiinua kichwa kutoka kwenye kazi nasikia filimbi ya refa bila shida. Gazeti lako hununuliwa na mama wa chai tunayepakana naye. Yeye huanza na matangazo ya vifo, mimi nikapewa kurasa za michezo, na kufikia jioni gazeti zima linafungia mandazi. Naeleza haya usije ukadhani nalalamikia kitu nisichokisoma.

Jumatatu iliyopita nilisoma habari za Arsenal mpaka nikachoka. Nikajua nani anauguza paja na nani amenuna kwa kuwekwa benchi. Lakini siku iliyotangulia, timu ya mtaa wetu ilikuwa imecheza na majirani zetu wa ng'ambo ya barabara, watu wakajaa hadi vijana wakapanda ukutani, na mechi hiyo sikuiona popote. Nilipekua hata ukurasa wa matangazo ya zabuni.

Timu hizi mbili sitazitaja. Zote huniletea njumu, na fundi mwenye mdomo mrefu hulala njaa.

Tena usidhani uhasama wetu ni wa watu wasiojuana. Barabara inayotutenganisha naivuka kwa hatua kumi. Tumeoleana, tunazikana, na watoto wetu wanasoma darasa moja. Kinyozi wangu ni wa upande wa pili. Wiki ya mechi hunyoa bila kusema neno, nami hukaa kwenye kiti chake kwa adabu zote, kwa sababu wembe anao yeye. Pesa za refa huchangwa nusu kwa nusu, zikawekwa kwa mama wa chai hadi filimbi ya mwisho, ili asitokee wa kudai kwamba refa alinunuliwa. Bado hudai.

Kwangu mimi, debi huanza Jumatano. Zamani, uwanja ulipokuwa vumbi na kokoto, nilikuwa nikipokea njumu zilizobanduka soli kabisa, zimefunua kinywa kama samaki. Siku hizi kuna nyasi bandia, na kinachoumia zaidi ni ngozi ya pembeni, pale kidole kidogo kinaposukuma. Vijana wetu hunitupia tu viatu juu ya meza: "Buda, hizi ni za Jumapili, usiniangushe." Majirani huja jioni, njumu zikiwa zimefungwa kwa gazeti ili zisitambulike. Hapo ndipo soka yetu hukaribia zaidi kuingia gazetini. Nahodha wao huvuta kila mshono kwa ukucha kabla ya kulipa, akihofia kwamba nimewawekea uzi mbovu. Sijawahi kufanya hivyo, na Mungu ni shahidi yangu, ingawa kuna mshambuliaji wao mmoja ambaye mwaka juzi alinitia kwenye majaribu makubwa.

Sasa nifike kwenye daftari.

Nina daftari la mistari ambalo nilianza kuandikia madeni. Siku moja, baada ya watu wawili kubishana mbele ya kibanda changu hadi wakaniangushia kopo la rangi, nililigeuza, nikaanza kuandika matokeo kutoka nyuma: tarehe, mabao, mfungaji, dakika kwa kukadiria. Madeni yanatoka mbele, mechi zinatoka nyuma, na karibuni zitakutana katikati. Sikutumwa na mtu. Lakini habari ilienea, na leo anayetaka kujua nani alifunga katika mechi ya Krismasi miaka minne iliyopita huja kwangu, hata kama hana kiatu cha kushona.

Kuna mechi moja inayonikosesha usingizi. Wavu wa lango la upande wa barabarani ulikuwa umetoboka ubavuni. Kukapigwa shuti, mpira ukaonekana ndani ya wavu, refa akaonyesha kati. Wengine wakaapa kwamba umeingilia kwenye tundu. Niliandika matokeo kama yalivyotangazwa, pamoja na maelezo yangu mafupi, kisha wiki iyo hiyo gundi ikamwagika juu ya daftari, kurasa mbili zikashikana. Zimeshikana hadi leo. Mitaa yote miwili inajua kwamba jibu limo humo. Kuna aliyenishauri nizifungue kwa mvuke wa birika. Kuna mzee aliyenitolea shilingi mia tano nisizifungue kamwe. Mwezi uliopita, kwenye matanga, watu wazima wawili walianza tena ule ubishi, kila mmoja akitangaza matokeo yake, huku jeneza liko pale pale. Lau gazeti lingeandika mstari mmoja siku ile, marehemu angepumzika kwa heshima.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kuchekesha, na hata mimi nacheka. Hili linalofuata sichekelei.

Kulikuwa na kijana wa mtaani kwetu, winga wa kushoto, mwepesi kama mjusi wa ukutani. Njumu zake nilizishona mara nyingi kiasi kwamba ngozi ya asili ilibaki kisiginoni tu. Alimaliza kidato cha nne bila karo ya kuendelea, akasikia kwamba chuo fulani huwalipia karo wachezaji. Akaenda. Wakamwambia alete ushahidi wa maandishi kwamba amekuwa akicheza na kufunga, kama vile vipande vya magazeti. Alikuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijatandaza vifaa.

"Mzee wangu, lile daftari unalo?"

Tulikaa chini tukahesabu. Katika misimu miwili nilikuwa nimemwandikia mabao kumi na manne, mawili kati ya hayo dhidi ya majirani. Tukapiga picha kurasa kwa simu yake, zikiwa na madoa ya gundi na, kwa bahati mbaya, ukurasa mmoja ukiwa na jina la mteja anayenidai viatu. Niliandika pia barua kwa mkono kuthibitisha kwamba mabao hayo niliyaona kwa macho yangu. Nilipiga pasi shati kwa ajili ya barua ile, sijui kwa nini, maana barua haivai shati.

Hawakuipokea. Hawakumfukuza kwa matusi, walimwambia tu kwamba wanataka kitu kilichochapishwa. Siwalaumu sana. Fundi wa viatu anaweza kumwandikia mabao mtoto wa jirani kadiri apendavyo. Siku hizi kijana huyo ni utingo wa matatu ya Jogoo Road, na kila anaponiona hupiga bati mara mbili. Nafasi ya winga wa kushoto mpaka leo hatujapata wa kuijaza.

Ndiyo maana nakuandikia, Mhariri. Kilichochapishwa kina uzito ambao daftari langu halitakuwa nao hata nikililaza juu ya Msahafu na Biblia kwa pamoja. Angalia debi ya Mashemeji, ile ya Gor Mahia na AFC Leopards. Leopards walianza mwaka 1964 wakiitwa Abaluhya, Gor Mahia wakaja 1968, na hata mtoto wa shule akitaka kujua walivyopishana tangu wakati huo, atapata pa kusoma. Fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika kati ya Gor na Esperance ya Tunisia mwaka 1987, mabao 2-2 kule na 1-1 hapa Nairobi, haina mtu wa kuibishia kwenye matanga. Kombe lilikuja kwa kanuni ya bao la ugenini, na likaandikwa. Lakini wachezaji hawaanguki kutoka mbinguni wakiwa wamevaa jezi za Gor. Ndugu wawili, Mariga na Wanyama, ni watoto wa Muthurwa, hapo chini tu. Mmoja alikuwa Inter iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na mwenzake aliifunga Barcelona akiwa Celtic mwaka 2012. Magazeti yote yalisherehekea, na mimi pia. Nauliza tu, je, nani aliandika walipokuwa wakicheza mtaani na viatu vya kuazima?

Hata mashindano ya Koth Biro pale Ziwani, yanayojaza uwanja wa Umeme kila mwisho wa mwaka (jina lake kwa Kijaluo ni kwamba mvua yaja, na kweli wakati mwingine huja), mtu asipokuwepo hutegemea kusimuliwa.

Kuna siku ambazo magazeti hutufikia, hilo sikatai. Oktoba 23, 2010, watu saba walipokufa katika mkanyagano Nyayo wakati wa mechi ya Gor na Leopards, kila gazeti liliandika, na ilikuwa haki kuandika. Nasi huku mtaani, jiwe moja likirushwa, utasikia kuna mwandishi ameonekana akiuliza maswali kwenye kioski. Jumapili ambayo jiwe halikurushwa, hatumwoni. Vijana wamelitambua hilo. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba wakitaka kutokea gazetini ni wavunje kioo cha gari. Alikuwa akitania, nadhani.

Siombi ukurasa. Naomba mistari kumi, siku ya Jumanne, chini kabisa pale mnapoweka ratiba ya televisheni: timu, mabao, wafungaji, uwanja. Usitume mwandishi wala usilipe nauli. Nimeongea na manahodha wote wawili, na kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo: baada ya kila mechi watatia sahihi karatasi moja pamoja na refa, nami nitaituma kwa simu kabla ya saa mbili usiku. Mitaa mingine ikitaka kufanya hivyo, watafute fundi wao. Kila mtaa unaye.

Kinyozi anasema hutachapisha barua hii, na tumewekeana dau la kunyolewa bure. Basi naanza na mechi ya Jumapili iliyopita, ambayo karatasi yake ninayo, ina sahihi tatu na doa moja la chai:

Nyumbani 1, Majirani 1. Majirani walitangulia dakika ya 19 kwa mpira wa adhabu. Sisi tukasawazisha kwa kichwa dakika ya 71 baada ya kona. Bao letu la pili lilikataliwa kwa kuotea, na kibendera alikuwa sahihi, nilisimama usawa wake. Wavu ulikuwa mzima.

Fundi wa viatu,
Jericho, Nairobi