Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu imemsoma furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Hapa Mwanza wengi wetu tumekua tukimwona furu kama chambo tu cha ndoano ya sangara. Jumamosi moja tulinunua ndoo ndogo ya furu mwaloni, tukawamwaga juu ya meza ya maabara. Wote walionekana samaki wale wale, wafupi kuliko kiganja. Mwalimu akatugawia nyembe, tukapasua koo. Kumbe furu ana taya mara mbili, moja mdomoni na nyingine kooni! Wa kwanza alikuwa na meno ya kooni membamba kama sindano. Wa pili meno yake yalikuwa manene, ya mviringo, yamebanana kama punje za mtama. Huyo husaga konokono, na vipande vya makombe tulivikuta tumboni mwake.

Wataalamu wanakadiria kuwa ziwa hili lilikuwa na spishi zipatazo 500 za furu. Wote ni wa familia moja na sato, ilhali sangara ni wa familia nyingine kabisa. La ajabu zaidi ni muda. Miaka ipatayo 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Maji yaliporudi, furu walienea kwenye miamba, mchangani na kwenye kina. Kila mahali, aliyezaliwa na taya linalofaa chakula cha pale alishiba na kuacha watoto wengi, kizazi baada ya kizazi.

Tuwataje ndugu wawili wa miamba ya Ghuba ya Mwanza. Jenasi yao, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, inaitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa sababu ya milia yao. Pundamilia pundamilia hukaa maji ya juu, na dume lake ni la buluu. Pundamilia nyererei hukaa chini kidogo, na dume lake lina mgongo mwekundu. Jina la nyererei lilitolewa mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka urais. Kule chini mwanga wa buluu haufiki vizuri, unabaki mwekundu, na jike humchagua dume anayemwona akiwaka. Hivyo spishi mbili hubaki mbalimbali bila ukuta wowote kati yao. Lakini maji yakijaa tope, jike hatambui tena rangi ya dume. Huchanganyika, wakazaliwa machotara, na spishi mbili zikaelekea kuwa moja.

Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Alipofurika miaka ya 1980, spishi zipatazo 200 za furu hazikuonekana tena. Hatumchukii sangara, Mheshimiwa. Wengi wetu tumelipiwa ada na sangara. Tena wapo furu waliorudi wakiwa wamebadilika: wana mashavu mapana zaidi ya kupumulia, na chakula chao si kile cha zamani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna hadubini moja kwa klabu nzima, na furu tunawaona wakiwa wamekufa tu. Kijito kinachopita nyuma ya mabweni hupeleka udongo mwekundu ziwani kila mvua inaponyesha. Tunaomba hadubini mbili, tangi la kioo lenye pampu ya hewa, na miche 300 ya kupanda kwenye kingo za kijito hicho. Mashimo tutachimba wenyewe.

Ukitoka hapa, tunakuomba upitie maabara. Kwenye mtungi wa tatu kutoka mlangoni yumo furu mdogo mwenye doa jeusi nyuma ya jicho. Tumemlinganisha na kila picha tuliyoipata, na mpaka leo asubuhi hatujampatia jina.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Baiolojia.