Antena nyingi si nguvu nyingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dhana iliyoenea kwamba ruta yenye antena nyingi hurusha mawimbi kwa nguvu zaidi, mithili ya chumba kilichoongezewa taa. Mimi hufunga mitandao isiyotumia waya, na swali hilo huulizwa na mteja ambaye kwa kawaida amekwisha kulijibu mwenyewe. Nguvu ya kurushia mawimbi ina ukomo unaowekwa na wasimamizi wa masafa ya redio, kwa hiyo antena zinapoongezeka huwa zinagawana nguvu ileile.

Faida iko kwenye njia. Mawimbi yanayotoka kwenye ruta hugonga kuta, dari na makabati ya chuma, yakamfikia mpokeaji kwa njia nyingi zenye urefu tofauti. Mahali pengine yanaongezeana nguvu, na mahali pengine yanauana. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na ushei, na ndiyo sababu video iliyokwama huweza kuendelea ukiisogeza simu upana wa kiganja tu juu ya meza ileile. Kifaa chenye antena mbili zilizoachana kidogo hakihitaji kusogezwa, kwa kuwa ni nadra zote mbili kuangukia mahali pabaya kwa wakati mmoja.

Lakini uhondo wenyewe uko kwingine. Miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Gerard Foschini wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, walionyesha kwamba mwangwi huohuo wa mawimbi yanayogonga kuta, uliokuwa ukihesabiwa kuwa adui unaweza kubeba mzigo. Antena mbili hurusha data tofauti kwa wakati mmoja na kwa masafa yaleyale. Upande wa pili antena mbili hupokea michanganyiko miwili isiyolingana, kisha kifaa huichambua kama mwanafunzi anayetafuta x na y kwa milinganyo miwili. Kasi huongezeka maradufu bila kuongeza nguvu wala upana wa masafa. Kwa ufundi huo, kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n cha mwaka 2009 kiliruhusu mikondo minne, yaani mafungu manne ya data yanayorushwa kwa pamoja, na kasi ya hadi megabiti 600 kwa sekunde.

Hapo ndipo wauzaji wanaponyamaza. Idadi ya mikondo hufuata upande wenye antena chache, hivyo ruta ya antena nane ikizungumza na simu ya antena mbili haitaipa zaidi ya mikondo miwili. Antena zinazobaki hazikai bure: huweza kupangiliwa ili mawimbi yake yakutane kwa pamoja pale simu ilipo, au kuhudumia vifaa kadhaa kwa mpigo, kama ifanyavyo mitambo ya mtandao wa simu wa 5G yenye antena 64. Tena, uwanjani kusiko na cha kurudisha mwangwi, njia hufanana mno, milinganyo nayo hukaribia kuwa mmoja, na x na y hazipatikani.

Ningependa kuona idadi ya mikondo ikiandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kama ile picha ya antena. Kwa sasa, mteja akiniambia anataka ruta ya antena nane, mimi humwomba kwanza anionyeshe simu yake.

Wako,
Fundi mitandao