Wakiachiliwa pia andikeni

Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kila msako ukifanyika huku najua kichwa cha habari kitakavyokuwa: "washukiwa wa ugaidi" au "genge la mapanga", kisha jina la mtaa wetu.

Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa hapa Majengo wakakamata zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto. Habari ile ilijaa kurasa za mbele. Walioachiliwa baadaye walipewa nafasi gani?

Mwaka jana mpwa wangu alichukuliwa akitoka kununua mkate wa mofa. Dadangu alishinda langoni mwa kituo na chupa ya chai mpaka ikapoa. Kijana alitoka siku ya tatu, hakushtakiwa lolote, ilhali Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya chataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hadi leo majirani humwita "yule wa gazetini". Ana miaka 19.

Nawasihi waandishi wenu wafike kwa wazazi, wasiishie kwa msemaji wa polisi. Kabila au dini ya mshukiwa itajwe tu ikiwa inahusu kesi. Na wanasiasa wakianza kutugawa wenyeji na wabara kura zikikaribia, waulizeni maswali. Mkinukuu tu, mwawapigia debe.

Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ipo kwa sheria ya 2011. Tuandikieni ni malalamiko mangapi ya Mombasa yamefika kortini.

Mkaazi wa Majengo,
Mombasa