Chupa yako ya Malbec kutoka Gualtallary

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Sisi huku wazima, hofu ni kwako na hilo joto la Dar.

Umeuliza mambo mawili juu ya chupa uliyoletewa kutoka Ajentina, ya Malbec, yaani mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo: maana ya «1.350 msnm» iliyo chini ya neno Gualtallary, na kama ni kweli mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. La pili ndilo la haraka, basi nianze nalo: weka. Kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumbani ilitoka Ulaya, kwenye nyumba za zamani ambazo chumba cha kulia chakula hakikufika hata nyuzi 18. Chumba chako kina 30. Katika joto hilo pombe hupanda puani kabla ya harufu ya tunda, ulimi unahisi uzito kama wa sharubati iliyochemka, na ule wepesi ambao mkulima alipanda mlima kuutafuta huuoni kabisa.

Ukiwa na friji ya kawaida, iache chupa humo saa moja unusu hadi mbili. Ukiwa na haraka, weka ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, tupia gao la chumvi, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 12 hadi 15. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu inaigusa chupa hapa na pale tu. Mimina mvinyo ukiwa nyuzi 15 au 16. Utapanda wenyewe ndani ya glasi hadi 17 au 18, na hapo ndipo unapokuwa mtamu kunywa. Usiusahau ukagandamana na baridi: chini ya nyuzi 12 harufu hujifunga na ukakasi husimama mbele ya kila kitu.

Sasa hiyo lebo. Msnm ni kifupi cha Kihispania cha mita juu ya usawa wa bahari, na nukta si ya desimali. Wenzetu hao huitumia mahali ambapo sisi tungeweka mkato. Shamba liko mita 1,350. Gualtallary ni sehemu ya Tupungato, katika bonde la Uco, mkoa wa Mendoza, miguuni pa milima ya Andes. Kila ukipanda mita 100 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo shamba hili lina baridi kuliko mashamba ya tambarare za mashariki mwa Mendoza, yaliyo kwenye mita 650 hivi, kwa kama nyuzi nne. Kwa mzabibu nyuzi nne ni nyingi mno. Zabibu huchelewa kuiva, na usiku wa baridi huzizuia kuitumia yote ile asidi ya maliki, ambayo ndiyo inayolipa tofaa bichi ukali wake. Kule kwenye joto tunda huimaliza asidi hiyo huku sukari ikipanda, na unapata mvinyo wenye pombe nyingi lakini uliolala mdomoni.

Jambo la pili ni jua. Juu huko hewa ni nyembamba, miale ya urujuanimno hupenya zaidi, nayo zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda na kulijaza rangi na tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni. Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda wala si kwenye maji ya tunda, ndiyo maana Malbec ya mlimani ni nyeusi ya zambarau, na ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe utaona ukingo wake una wekundu wa waridi uliokolea.

Lakini usiuamini urefu peke yake. Wauzaji wanaupenda mno. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi, na mvinyo wake hauna tabia hii, kwa kuwa uko digrii sita tu kusini mwa ikweta. Mzabibu wa Dodoma haupati majira ya baridi ya kulala. Hukatwa matawi ili uchipue, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mendoza, kwenye digrii 33, mzabibu hulala majani yote yakiwa chini, na Malbec ya mashamba ya juu huvunwa mara moja tu, Machi na Aprili. Hata ndani ya Ajentina yenyewe mambo ni hayo hayo: Cafayate, mkoani Salta, iko karibu zaidi na ikweta, kwa hiyo mashamba yake yamelazimika kupanda hadi mita 1,700, na kwingine mkoani humo shamba la Altura Máxima, la watengenezaji mvinyo wa Colomé, limefika 3,111. Mita 1,350 za Mendoza na mita 1,350 za kwingine si kitu kimoja.

Mvua ya Mendoza ni haba, kama milimita 200 kwa mwaka, maana Andes huzuia mawingu ya bahari ya Pasifiki. Maji hutoka kwenye theluji inayoyeyuka, hushuka kwa mifereji. Wahuarpe, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakimwagilia hivyo kabla Wahispania hawajafika. Ukame huo ni neema, ukungu hausumbui majani. Maadui ni jalidi ya majira ya kuchipua na mvua ya mawe, ndiyo maana mashamba mengi hufunikwa nyavu. Miche ya Malbec yenyewe ilipelekwa huko na Mfaransa Michel Aimé Pouget mwaka 1853. Kwenye asili ya mzabibu huu, Cahors, Ufaransa, mvinyo wake huwa mkavu na wenye ukakasi mkali zaidi. Jua la Mendoza ndilo lililoulainisha.

Kufungua: kata karatasi ya shingoni chini ya mdomo uliotokeza, si juu yake, ili mvinyo usiiguse. Chomeka kizibuo katikati kabisa, zungusha, acha pindo moja la mwisho nje. Ukizamisha lote unatoboa kizibo na vipande vinaanguka ndani. Kikivunjika hata hivyo, chujio la chai linatosha. Kuacha chupa wazi mezani «ipumue» hakusaidii, kwa kuwa hewa inapita kwenye kitundu cha shingo tu. Mimina yote kwenye jagi la kioo pana, subiri nusu saa. Kama imepita miaka kumi tangu mwaka wa mavuno ulioandikwa, fanya kinyume: simamisha chupa siku nzima mashapo yatulie, mimina polepole, acha vidole viwili vya mwisho, na unywe mara moja.

Glasi jaza theluthi tu, yaani mililita 120 hadi 150. Shika mguu, mkono usiipashe moto. Zungusha, nusa, kisha onja. Tafuta zambarau zilizoiva na forosadi, halafu harufu ya maua ambayo Malbec ya tambarare huipoteza. Kwenye fizi utahisi ukakasi, lakini uwe laini, si ule wa bibo unaokausha mdomo mzima. Baada ya kumeza, mate yakichuruzika pembeni mwa ulimi, hiyo ndiyo asidi, ndiyo mita zako 1,350. Ukikuta vanila na kahawa zimetangulia kila kitu, mtengenezaji alizidisha pipa jipya la mwaloni. Kwangu mimi huko ni kuuficha mlima.

Kwa chakula chukua nyama ya ng'ombe yenye mafuta, mbavu au mishkaki, chumvi ya kutosha. Mafuta na protini hushika tanini, ukakasi unashuka. Pilipili nyingi huiwasha pombe, kwa hiyo kachumbari iwe ya upole. Samaki mwache: chuma kilicho ndani ya mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki, mdomoni hubaki ladha ya msumari.

Kuna kasoro za kuzijua. Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa chenye uvundo ni ya kizibo kibovu. Haidhuru, ila haiponi, rudisha dukani. Harufu ya kiberiti au yai lililochemshwa hutoweka ukimimina mara kadhaa kutoka jagi hadi jagi. Ukali wa siki haurekebishiki, peleka jikoni ukalainishie nyama.

Utakachobakiza, mimina kwenye chupa ndogo hadi ijae pomoni, ziba, weka kwenye friji. Siku tatu utakuwa bado mzuri. Na usiipangie hiyo chupa miaka ya kabatini. Mvinyo hutaka nyuzi 12 hadi 15, gizani, ukiwa umelala. Kwa joto lako, miezi michache inatosha kuuzeesha.

Kabla hujaitia barafuni, ikague chini ya karatasi. Kizibo kikiwa kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, au ukiona unatanata shingoni, basi ilichemka kwenye buti la gari au bandarini. Hapo usiwaalike wageni kwa ajili yake. Ionje mwenyewe kwanza.

Wasalimie wote.

Wako,
rafiki yako wa siku zote