Kanda za kilimo hazifuati mipaka ya mikoa

Mhariri,

Ni miaka mingi nalisoma gazeti lenu bila kuwaandikia, lakini kwa ile ramani ya kanda za kilimo mliyoitoa juzi, uvumilivu umenishinda.

Mmeipaka rangi moja Tanga, Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, mkaiita Kanda ya Mashariki, kisha mkashusha orodha moja ya mazao kwa wote. Kwa mgawanyo wa ofisi na vituo vya utafiti hilo halina shida. Shambani ni upotoshaji. Lushoto wanavuna viazi mviringo na kabichi kwenye baridi, Handeni ya mkoa uleule inalia ukame. Miteremko ya mashariki ya Uluguru inapata mvua tele, Gairo hali yake ni ya Dodoma. Mvua, mwinuko na udongo ndivyo vinavyogawa kanda, na kazi hiyo ilishafanywa: tangu 1984 Wizara ya Kilimo ina taarifa ya udongo na kanda za kilimo za nchi nzima. Kwa nini hamkuitafuta?

Msidhani ni jambo dogo. Nina shamba Mkuranga, kichanga kitupu, jirani zangu wote wana mikorosho na minazi. Masika moja, duka la pembejeo hapa mjini liliniuzia mbegu ya mahindi ya nyanda za juu. Muuzaji alinionyesha ramani kama yenu iliyobandikwa ukutani, akaniapia kwamba kanda yetu yote inaifaa. Mahindi yakarefuka kupita kimo changu, majani yakashika ugonjwa wa milia, na mvua ikakata Mei yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nilipomenya, gunzi lilikuwa na punje za kuhesabu upande mmoja tu, kwingine peupe. Mbolea nayo ilikwenda na maji, maana kichanga hakishiki kitu. Jirani aliyepanda Staha, mbegu ya ukanda wa chini, alikula mahindi mabichi na akabakiza ya kusaga. Mvua ileile, udongo uleule! Nani atanirudishia gharama za kulimia, mbegu na vibarua?

Waingereza walifanya hivyohivyo Kongwa mwaka 1947. Walikuja na matrekta kulima karanga kabla ya kuujua udongo wala mvua ya pale. Kiangazi kilipoingia ardhi ikawa ngumu kama saruji, karanga hazikung'oleka, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimeteketea.

Na hata hayo mabonde machache ya tope jeusi tuliyo nayo huku, yanayokubali mpunga na mboga bila mbolea nyingi, madalali wanayakata viwanja vya ishirini kwa ishirini. Nyumba zinajaa maji kila masika, mchicha unapanda bei, na ofisi za ardhi zinaendelea kugonga mihuri.

Napendekeza hivi. Duka la pembejeo lisihuishiwe leseni mpaka libandike kaunta, usawa wa macho ya mteja, karatasi ya kata zinazolizunguka: mwinuko kwa mita, aina ya udongo, mvua inapoanza na inapokata, na mbegu zinazofaa. Mfuko wa mbegu uandikwe mwinuko na siku za kukomaa mbele, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nanyi mchapishe ramani sahihi ukurasa mzima, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam