Barua kwa mpwa wangu wa Kisauni, kuhusu kibanda cha sungura

Mpwa wangu,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi kusikia mmepata sungura. Ila mamako ameniambia kibanda mtakisafisha kila Ijumaa, na kwa joto letu la Mombasa naona Ijumaa hadi Ijumaa ni mbali mno.

Sungura huwa na kona yake ya kukojolea. Itafute. Kila asubuhi, jua halijapanda, toa maranda ya kona hiyo tu, panguza ubao, tia makavu. Chai haijachemka utakuwa umemaliza. Ile harufu kali inayochoma macho ni amonia ya mkojo. Wewe unaipata ukiwa umesimama mlangoni. Yeye amelala juu yake usiku kucha, na sungura hupumua kwa pua, si kwa mdomo. Mafua yakishamwingia hayamtoki kwa urahisi.

Ijumaa yenyewe, mtoe kwanza mumweke kivulini. Tafadhali usimwage jiki juu ya mkojo, maana vikikutana hutoa hewa ya sumu, na watoto watakuwa wamekuzunguka. Ule ukoko mweupe ubaoni ni kalsiamu inayotoka na mkojo wake. Siki ya jikoni huulainisha. Mwagia, uache kidogo, sugua, suuza kwa maji mengi, kisha anika juani mpaka ukauke kabisa, kwa sababu vijidudu vya koksidia vinavyotoka na kinyesi hupenda unyevu. Wakati wa masika ubao haukauki, kwa hiyo uwe na wa pili wa kubadilisha.

Ninachokiogopa zaidi ni nzi. Manyoya yakilowa mkojo au kinyesi huja kutaga hapo, na kwa joto hili mayai huweza kuwa funza ndani ya siku moja. Funza hao hula nyama ya mnyama angali hai, mpwa wangu. Mnyanyue kila siku, mkono mmoja kifuani na mwingine makalioni, umtazame chini ya mkia. Hili usiwaachie watoto peke yao.

Unapofagia, angalia unachofagia. Mkojo wa rangi ya machungwa, hata mwekundu, mara nyingi hutokana na majani aliyokula. Lakini ukiona matone ya damu au anajikamua, nenda kwa daktari wa mifugo. Vile vinyesi laini vilivyoshikana kama kichala cha zabibu huvila mwenyewe, na ndivyo alivyoumbwa, watoto wasimkemee. Ukivikuta vingi vimebaki sakafuni, punguza chakula cha dukani na matunda, ongeza nyasi kavu. Na usipokuta kinyesi chochote tangu jana, usingoje kesho, mpeleke siku hiyo hiyo.

Vidonge vikavu vya kinyesi chake vitie kwenye mchicha wako, havihitaji kuozeshwa.

Maranda omba kwa seremala, lakini umuulize kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa; zikiwa na dawa usichukue. Kibanda nacho kitoe chini ya mabati kabla joto la kaskazi halijaingia, maana sungura hatoki jasho na joto humuua upesi. Hapo uani penu pana mwarobaini. Kiwekeni chini yake. Nikija nitabeba brashi ngumu, tukisugue pamoja na watoto.

Mjomba wako