Nyumba zetu zina namba, kwenye intaneti hatuna

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayotupata wengi tunaotumia intaneti ya nyumbani hapa Dar es Salaam, ambayo kila mmoja wetu anadhani ni ya kwake peke yake, au kwamba kompyuta yake imezeeka.

Jumapili moja hivi karibuni baba mkwe alikuja kwetu Tabata Kimanga nimsaidie kujaza fomu ya mtandaoni ya kuhakiki taarifa zake. Ana miaka 71, na jicho moja lilishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulikaa mezani saa mbili usiku, yeye na karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, mimi na laptopu. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Tukajaza zote: namba ya NIDA, majina matatu, tarehe, tukapandisha na picha ya kitambulisho. Mwisho kabisa, pale pa kutuma, kikatokea kile kisanduku cha "Mimi si roboti". Nikaweka tiki. Zikaja picha tisa, chagua zenye taa za barabarani. Nikachagua. Zikaja nyingine, chagua pikipiki. Kisha mabomba ya zimamoto. Baba akauliza bomba la zimamoto ni lipi, nikamwonyesha kile kichuma kifupi chekundu kilichosimama kando ya barabara ya Marekani. Akasema miaka yote aliyofanya kazi mjini hajawahi kukiona kitu hicho. Tulipofika awamu ya sita ukurasa ukaandika kwamba muda umekwisha, tuanze upya. Vyote tulivyojaza vikafutika.

Mara ya pili tukajaribu njia ya sauti, ile ya kubofya alama ya spika za masikioni. Likatoka sentensi la Kiingereza lililofunikwa na mvumo. Baba anasoma Kiswahili bila tatizo, lakini Kiingereza cha kuokoteza ndani ya makelele hakiwezi, na sioni kwa nini aweze. Baada ya hapo hata picha zilikoma kuja. Likabaki onyo kwamba kompyuta au mtandao wetu huenda unatuma maombi ya kiotomatiki, tujaribu tena baadaye. Baba akarudisha karatasi zake kwenye bahasha, moja moja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameharibu kitu.

Fomu hiyo tuliimaliza kesho yake saa kumi na moja alfajiri, kwa tiki moja, bila picha hata moja. Laptopu ni ile ile, fomu ile ile, na mjazaji yule yule. Kilichobadilika ni kwamba majirani walikuwa bado wamelala.

Nilitaka kujua majirani wanahusikaje na fomu ya baba. Jibu liko kwenye neno moja la lile onyo: mtandao.

Kila anayetoka kwenda kwenye intaneti huonekana kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayomtambulisha kwa tovuti anazotembelea. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu ya dunia iliisha kugawiwa Februari 2011. Sisi Waafrika mgawaji wetu ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, nayo tangu Januari 2020 imo katika hatua ya mwisho ya kubana kilichobaki: kampuni ikiomba, haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni inayouza faiba na ruta za laini kwa maelfu ya nyumba haiwezi kuipa kila nyumba anwani yake kutoka hapo. Inachofanya ni kutukusanya nyumba nyingi nyuma ya anwani moja.

Waliokua wakati wa barua watanielewa haraka. Familia nyingi hazikuwa na sanduku la posta. Barua zilipitia S.L.P. ya shule au ya ofisi ya mzazi, halafu mtu anazichambua kwa majina. Anayeziona kutoka nje anaona sanduku moja tu. Ndivyo tovuti ya mbali inavyotuona: mamia ya nyumba za Tabata, Segerea na Kinyerezi kama mtu mmoja anayebisha hodi mara elfu kwa dakika. Mtu wa namna hiyo hufanana sana na roboti. Saa mbili usiku, watoto wako kwenye video na wazazi kwenye simu, tunafanana nayo zaidi. Alfajiri tunapungua, na mlango unafunguka.

Na katika sanduku hilo akiwemo mmoja mwenye kifaa kichafu, sote tunachafuka. Mei 2024 Marekani ilivunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umejipenyeza kwenye kompyuta zenye anwani za IP zaidi ya milioni 19 katika nchi nyingi, sehemu kubwa kupitia programu za bure za VPN, zile zinazopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali ili anwani yako isionekane. Mtu alipakua VPN asilipe chochote, kumbe mashine yake ikageuzwa njia ya kupitishia wizi wa watu wengine. Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu vifaa vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya televisheni vya bei rahisi vya Android, ambavyo vingine hufika dukani vikiwa tayari na programu hasidi ndani. Sisemi kuna nyumba yenye kifaa hicho mtaani kwetu. Ninachosema ni kwamba ikiwepo, mwenye nyumba hajui, mimi sijui, na anayezuiwa kutuma fomu ni mzee wa miaka 71.

Haya hayakuanza jana. Mwanzoni mwa 2007 anwani moja ilizuiwa kuhariri Wikipedia kwa sababu ya uharibifu, kumbe ndiyo iliyopitisha karibu intaneti yote ya Qatar, na nchi nzima ikajikuta nje kwa muda. Hata walinda milango wenyewe wanalijua. Mwaka 2025 wahandisi wa Cloudflare, kampuni ya Marekani inayolinda tovuti dhidi ya roboti, walieleza kwamba anwani za pamoja hubanwa mara nyingi kuliko za kawaida bila roboti kuwa nyingi zaidi humo, na kwamba wanaoumia zaidi ni watumiaji wa nchi zinazoendelea, kwa kuwa huko ndiko watu wengi wanakogawana anwani chache.

Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni inayonihudumia. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, akapima laini yangu, akasema: "Dada, kwetu mtandao uko sawa, spidi inafika yote. Zima ruta, subiri dakika tano, uwashe." Nikazima, nikawasha. Nikapata anwani nyingine ya pamoja, picha zikaendelea. Nilipouliza kama naweza kupewa anwani yangu peke yangu, nikaambiwa hiyo ni ya wateja wa biashara na ina malipo yake ya kila mwezi. Simlaumu yule dada, kwa sababu fomu aliyokuwa anajaza haina sehemu ya tatizo kama langu. Lakini siku fundi alipokuja kuvuta waya na kutoboa ukuta, alinitajia spidi, alinitajia bei, akanifundisha kubadilisha nywila ya waifai. Hakuna aliyenitajia kwamba nitatoka nje kwa anwani moja na watu nisiowajua.

Wapo watakaoniambia nitumie VPN. Hiyo nayo ni anwani ya pamoja, tena inayotiliwa shaka zaidi, na tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imetaka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Baba mkwe hawezi kutakiwa apite huko ili ajaze fomu ya taarifa zake mwenyewe.

Dawa yenyewe ipo, na ni ya zamani. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Kwa mfumo huo nyumba moja hupewa anwani nyingi kuliko zote za IPv4 duniani zikijumlishwa, kwa hiyo tovuti inaweza kuitambua nyumba yangu bila kuichanganya na ya jirani. Simu nyingi na ruta nyingi za miaka ya karibuni zinaufahamu. Naziomba kampuni zinazotuhudumia ziufungulie mpaka nyumbani, si kwa wateja wakubwa peke yao, na ziseme wazi wakati wa kuuza kama mteja atakuwa kwenye anwani ya pamoja. Tena ziwe na utaratibu wa kumpigia mteja ambaye kifaa chake kinatuma uchafu, maana wao ndio pekee wanaoweza kujua ni nyumba ipi.

TCRA hupima ubora wa huduma za mawasiliano. Naiomba iingize na hili, kwa sababu spidi kamili hainisaidii kama mlango wa fomu haufunguki.

Wenye tovuti za hapa nchini nawaomba jambo moja dogo: uhakiki wa roboti uwekwe mwanzo wa fomu, na ukishindikana, yale mtu aliyojaza yabaki. Kama mnayo namba ya simu ya mtu, tumeni ujumbe wenye namba ya siri. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, hakuna haja ya kumuuliza mzee habari za mabomba ya zimamoto.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilifika hadi kichochoroni kwetu. Nyumba ikapata namba, mtaa ukapata kibao, na leo dereva wa bodaboda anafika bila kupiga simu mara tatu. Tuliweza kwa mamilioni ya majengo.

Kwa majirani zangu wa Kimanga na kwingineko: fungueni ukurasa wa ruta zenu, mtafute anwani iliyoandikwa WAN. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, hizo zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya pamoja, nanyi mko nyuma ya anwani moja na wengine. Ikianza na 10, uwezekano ni huo huo. Ipigeni picha, muiambatishe kwenye malalamiko yenu kwa kampuni, kwa maandishi, na muombe namba ya malalamiko. Mimi yangu nimeshapeleka.

Mkazi wa Tabata Kimanga,
Dar es Salaam